Aliyeshinda Ni Programu au Ni Mashine?

Matokeo ya mechi kati ya programu mbili za sataranji hayana maana mpaka uambiwe kila moja ilikuwa ndani ya kompyuta gani. Naanza na hilo kwa sababu huku Lanet, na Nakuru kwa jumla, ubishi wa aina hii haukosekani. Huyu ana kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki aliyoinunua kwa ajili ya michezo ya video. Yule ana laptopu ya mtumba iliyostaafishwa na ofisi fulani ya Uingereza. Wa tatu ana simu tu. Kila mmoja anachagua programu yake, wanazishindanisha usiku kucha, na asubuhi habari ni kwamba Leela imeichapa Stockfish, au Stockfish imeitia Komodo adabu. Uliza kasi ya mashine za pande zote mbili; hakuna anayeijua.

Swali hilo si la pembeni. Kati ya yote yanayoamua nani ashinde, mashine ndiyo rahisi zaidi kupima na ndiyo ya kwanza kusahauliwa. Tena kipimo chake kila mchezaji wa sataranji anacho tayari mezani: saa.

Programu ya sataranji hufanya kazi mbili. Hutafuta, yaani hupitia hali nyingi za ubao zinazoweza kutokea mbele. Na hutathmini, yaani huamua kila hali inampendelea nani na kwa kiasi gani. Tathmini ni kazi ya mwandishi wa programu. Wingi wa hali zinazopitiwa ni kazi ya mwandishi na mashine kwa pamoja. Mapema katika miaka ya 1980, Ken Thompson wa Bell Labs, mmoja wa waliounda mfumo wa Unix, aliichezesha mashine yake Belle dhidi ya nafsi yake, upande mmoja ukiruhusiwa kutazama hatua moja zaidi mbele. Hatua hiyo moja ilileta pointi kama 200 za Elo, kipimo cha nguvu ya mchezaji, zaidi au pungufu kidogo. Mwenye pointi 200 zaidi anatazamiwa kuchukua alama 76 katika michezo 100. Programu ilikuwa ile ile, tathmini ile ile. Kilichoongezeka ni nafasi ya kutazama.

Kompyuta yenye kasi mara tatu, basi, ni kama kompyuta ile ile ya mwenzake iliyopewa dakika tatu pale mwenzake anapopewa moja. Mwenye mashine dhaifu halazimiki kwenda dukani. Aongezewe saa, au mwenye nguvu apunguziwe.

Aongezewe kiasi gani? Fungua Stockfish bila ubao wa picha, kwenye kile kidirisha cheusi cha maandishi, uandike neno moja tu: bench. Itapitia orodha ya hali za ubao iliyowekwa ndani yake, kisha itaandika mistari mitatu: muda uliotumika kwa milisekunde, idadi ya hali zilizopitiwa, na hali kwa sekunde. Mstari wa kati ndio mtamu. Kwa toleo lile lile la programu, namba hiyo haibadiliki hata tarakimu moja, uwe kwenye laptopu kuukuu ya Lanet au kwenye seva ya chuo kikuu. Waandishi wa Stockfish huibandika kwenye kila badiliko la msimbo linalogusa uchezaji, ili mtu yeyote ahakikishe kwamba anacho kitu kile kile. Namba zenu zikitofautiana, hamna programu moja, na mechi isianze. Mstari wa tatu ndio unaobadilika kutoka mashine hadi mashine. Gawanya kubwa kwa ndogo, umepata uwiano wa saa.

Orodha ya CCRL, inayopanga programu za sataranji kwa nguvu, imefanya kazi kwa msingi huo miaka mingi. Wapimaji wake wana kompyuta za kila aina. Kila mmoja hupima kasi ya yake kwa programu ya rejea, kisha hurefusha au hufupisha muda wa mchezo mpaka ulingane na mashine moja ya mfano. Kabla yao, Waswidi wa SSDF, walioanza kutoa orodha yao mwaka 1984, walipita njia nyingine. Waliandika mashine kando ya jina la programu: hii imepimwa kwenye Pentium ya megahezi 90, ile kwenye Pentium ya 200, na programu ile ile kwenye mashine mbili ikahesabiwa kuwa wachezaji wawili. Naupenda uaminifu wa Waswidi. Hawakudai kwamba wamemtenganisha mpanda farasi na farasi wake.

Kwa maana kuna mtego katika uwiano wa saa, na unawanasa hasa wanunuzi wa mtumba. Muuzaji wa laptopu mjini Nakuru atakutajia kizazi cha prosesa kabla ya bei: hii ni i5 ya kizazi cha tatu, hiyo ni ya nne. Kwa mwenye kuandika barua na kutazama filamu, tofauti hiyo hata haionekani. Kwa sataranji ya leo ni kubwa. Prosesa za Intel za kizazi cha nne, zilizoingia sokoni mwaka 2013, zina maagizo yanayoitwa AVX2, yanayoiwezesha prosesa kukokotoa namba nyingi kwa mpigo mmoja. Kizazi cha tatu hakina. Na tangu Stockfish 12, iliyotoka Septemba 2020, tathmini ya programu hiyo imeegemea mtandao wa nyuroni wa aina ya NNUE, ambao Yu Nasu wa Japani aliubuni mwaka 2018 kwa ajili ya mchezo wa shogi. Mtandao huo hupata kasi yake kutokana na maagizo ya namna hiyo hasa. Programu iliyoandikwa kabla ya mitandao hii haiyahitaji kwa kiasi hicho. Hivyo mashine mbili zile zile zinaweza kutofautiana kidogo ukizipima kwa programu ya zamani, na kuachana mbali ukizipima kwa mpya. Mashine haina kasi moja. Ina kasi yake kwa kila programu. Anayepima kwa Crafty, programu ya zamani, kisha akachezesha Stockfish amepima kiuno akashona kofia.

Viini vya prosesa navyo havibadilishwi kwa saa moja kwa moja. Programu ikigawiwa viini vinane haitafuti vizuri mara nane, kwa sababu sehemu ya kazi hurudiwa na viini vyenyewe hugombea kumbukumbu. Tena programu inayotumia viini vingi haichezi sawasawa mara mbili: ipe hali ile ile ya ubao leo na kesho, inaweza kukujibu hatua tofauti. Ushauri wangu kwa anayepima nyumbani ni kiini kimoja kwa kila upande, na asione haya.

Historia ya mashindano haya imejaa mechi zisizolingana, na si kila mara mkubwa aliondoka na kombe. Hong Kong, mwaka 1995, katika ubingwa wa dunia wa sataranji ya kompyuta, IBM ilileta mfano wa awali wa Deep Blue. Chuo cha MIT kilileta Star Socrates, iliyokuwa ikiendeshwa kwenye kompyuta ya Intel Paragon yenye prosesa 1,824. Bingwa akawa Fritz 3, programu ya dukani, kwenye Pentium moja ya megahezi 90. Iliishinda Deep Blue hiyo, ikalingana kwa alama na Star Socrates, kisha ikaishinda kwenye mchezo wa kuamua.

Kisa hicho hupendwa sana na wale wanaotaka kuamini kwamba akili hushinda misuli. Mimi sikitumii hivyo. Mashindano yalikuwa ya raundi tano. Miaka miwili baadaye, Mei 1997, Deep Blue iliyokomaa, ikipitia hali kama milioni 200 kwa sekunde, ilimshinda Garry Kasparov kwa alama 3.5 kwa 2.5 mjini New York, na hapo pia michezo ilikuwa sita tu. Michezo mitano au sita hutoa bingwa. Kipimo haitoi.

Chukua programu mbili zinazokaribiana, nusu ya michezo yao ikiisha sare. Baada ya michezo 100 bado umebaki na shaka ya kama pointi 50 za Elo kila upande. Kuipunguza shaka hiyo kwa nusu huongezi michezo mara mbili bali mara nne: michezo 400 kwa shaka ya pointi 25, 2,500 kwa pointi 10, 10,000 kwa pointi 5. Sasa rudi kwa vijana wetu. Usiku mmoja, dakika tano kwa kila upande, michezo haifiki hata 60. Tofauti inayobishaniwa asubuhi, mara nyingi, imemezwa na shaka kabla chai haijachemka.

Kuna pia tatizo la sare. Pointi 200 za Thompson zilikuwa za siku ambazo programu hazikuona mbali. Leo, ipe Stockfish muda mara mbili dhidi ya nafsi yake kuanzia mwanzo wa kawaida wa mchezo, na utajionea sare juu ya sare. Ndiyo sababu wapimaji huchagua funguzi zilizoinama upande mmoja, kisha kila ufunguzi huchezwa mara mbili, pande zikibadilishana rangi. Ufunguzi ukiwa mbovu kwa weusi, kila mmoja ataubeba ubovu huo kwa zamu yake.

Halafu kuna Lanet yenyewe, na hapa ndipo vitabu vya wenzetu wa ng'ambo havitusaidii. Tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 15, na feni ya laptopu haina hewa nyingine ya kusukuma. Ongeza vumbi la kiangazi lililojaza matundu ya pembeni. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe bila kumwambia mtu. Laptopu iliyopimwa bench alfajiri ya Julai, watu wakiwa ndani ya makoti, si laptopu ile ile saa nane mchana mwezi wa Februari, chini ya paa la mabati. Ukichukua uwiano wa saa asubuhi ukautumia mchana, umemnyang'anya mtu kasi na hujui ni nani.

Stima ikikatika ndiyo balaa kamili. Kompyuta ya mezani huzimika, na hilo ni la heri kwa sababu kila mtu ameliona. Laptopu haizimiki. Inaendelea kwa betri, inashusha kasi ili kuokoa chaji, na mechi inasonga kana kwamba hakuna lililotokea. Asubuhi stima imerudi, taa zinawaka, jedwali la matokeo limejaa.

Ushahidi upo, lakini ukitafutwa. Cutechess, chombo ambacho wengi hukitumia kuendesha mechi hizi, huandika maelezo mafupi kando ya kila hatua kwenye faili ya mchezo. Yanaonekana hivi: +0.35/24 5.1s. Namba ya kwanza ni faida ambayo programu inajiona nayo. Ya pili ni kina ilichofikia. Ya tatu ni sekunde ilizotumia. Soma ile ya pili. Programu iliyokuwa ikifika kina cha 24 kwa sekunde tano katikati ya mchezo, ikianza ghafla kuishia 20 kwa sekunde zile zile, katika hali za ubao zisizo ngumu zaidi, basi kuna kitu kimetokea nje ya ubao. Pengine chaja, pengine feni, pengine kuna aliyefungua filamu kwenye mashine hiyo hiyo. Michezo yote kuanzia hapo itupwe, hata kama ni ile iliyokupa ushindi.

Dawa ipo, na iligunduliwa na watu waliokuwa na tatizo letu kwa ukubwa wa dunia nzima. Mwaka 2013 Gary Linscott aliijengea Stockfish mfumo unaoitwa Fishtest. Watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi huazima kompyuta zao kwa mradi: huyu seva kubwa, yule laptopu ya shule. Kusawazisha mashine hizo haiwezekani, na hawakujaribu. Walichofanya ni kuziweka programu zote mbili, ya zamani na iliyobadilishwa, ndani ya kompyuta ile ile, zicheze kwa zamu, kila ufunguzi mara mbili. Vumbi likiziba feni, linaziba ya wote wawili. Joto likipanda, linapanda kwa wote. Muda wa mchezo unarefushwa kwenye mashine za polepole kulingana na bench, kama tulivyoona. Matokeo yanatiririka kwenda mahali pamoja, na hesabu ya Abraham Wald, ile inayokuambia uache kupima mara tu ushahidi unapokuwa wa kutosha, huamua badiliko likubaliwe au likataliwe. Michezo mingi ni ya sekunde 10 kwa kila upande pamoja na sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila hatua, hivyo mchezo mmoja huisha kwa kama nusu dakika. Kompyuta zote za dunia hazilingani, ila ndani ya kila kompyuta pana usawa.

Laptopu ya Lanet inaweza kuingia humo bila aibu yoyote. Na hata asiyetaka kujiunga anaweza kuiga mpango huo mezani pake: sanduku moja, programu mbili, kiini kimoja kila upande, jedwali la kumbukumbu la ukubwa ule ule, na programu isiruhusiwe kufikiri wakati wa zamu ya mwenzake, maana kwenye sanduku moja huko ni kumwibia.

Mpango huu unafika ukingoni pale programu mbili zinapotaka mashine za aina tofauti kabisa. Desemba 2017, DeepMind ya London ilitangaza kwamba AlphaZero imecheza michezo 100 na Stockfish 8: imeshinda 28, sare 72, haikupoteza hata mmoja. Alama 64 kwa 100 ni sawa na tofauti ya pointi 100 za Elo. Lakini Stockfish ilikuwa na nyuzi 64 za kazi huku ikipewa jedwali la kumbukumbu la gigabaiti 1 tu, ikanyimwa kitabu cha ufunguzi, na ikalazimishwa kutumia dakika moja kwa kila hatua, rahisi na ngumu, ilhali kujua wapi pa kutumia muda ni sehemu ya ufundi wake. Tord Romstad, mmoja wa waanzilishi wa Stockfish, aliyapinga masharti hayo hadharani. AlphaZero nayo ilikuwa kwenye chipu 4 za TPU, zilizotengenezwa na Google kwa ajili ya mitandao ya nyuroni, ikipitia hali 80,000 kwa sekunde dhidi ya milioni 70 za mpinzani. Nani hapo alikuwa na mashine kubwa? Ukihesabu hali za ubao, Stockfish. Ukihesabu mahesabu yenyewe, kuzidisha na kujumlisha, AlphaZero.

Mwaka uliofuata, kwenye jarida la Science, DeepMind walirudia kwa masharti bora: michezo 1,000, saa tatu kwa kila upande pamoja na sekunde 15 kwa hatua, viini 44 na gigabaiti 32 kwa Stockfish. AlphaZero ilishinda 155 na kupoteza 6. Piga hesabu mwenyewe: ni tofauti ya pointi 52 hivi, karibu nusu ya ile ya kwanza. Ushindi ni ushindi, na sina ugomvi nao. Ila karibu nusu ya pengo ilikwenda na masharti, na hilo ndilo wapiga tarumbeta wa Desemba 2017 hawakulitaja.

Leela, programu ya watu wa kujitolea iliyofuata nyayo za AlphaZero, ilipoingia kwenye mashindano ya programu yaitwayo TCEC, mabishano yakahamia huko. Wapenzi wake walichukua namba za mechi ya kwanza, milioni 70 kwa 80,000, wakapata 875, wakasema huo ndio uwiano wa haki kati ya kadi ya grafiki na prosesa. Mwaka 2019 Leela ilitwaa fainali ya msimu wa 15 dhidi ya Stockfish kwa 53.5 kwa 46.5. Mimi uwiano huo siukubali. Unachukua vifaa vilivyokuwa kwenye maabara moja siku moja na kuvigeuza sheria.

Kila mchezo unaotegemea vifaa huishia kuchagua kitu kimoja cha kuwekea mpaka. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40, dunia ilishangilia, lakini muda huo haukuingizwa kwenye rekodi, kwa sababu ya waongoza mbio waliokuwa wakipokezana na mipango mingine ya siku ile. Januari 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia likatangaza kwamba soli ya kiatu isizidi milimita 40 na isiwe na zaidi ya bamba moja gumu. Kwa nini 40 na si 35? Mpaka lazima uwe mahali fulani. Sataranji ya kompyuta ilijaribu hivyo Pamplona mwaka 2009: viini vinane kwa kila mshiriki, basi. Mpaka wa viini ulizeeka upesi, kwa kuwa kiini cha mwaka huu si cha mwaka ule, na kadi ya grafiki haina viini vya namna hiyo.

Bei nayo haifai. Kadi ya grafiki inayouzwa California kwa bei moja inafika Nakuru kwa bei nyingine kabisa baada ya usafiri na ushuru, na mwezi ujao itabadilika tena. Kinachobaki ni umeme. Wati ni wati Lanet, Tokyo na Abu Dhabi. Mita ya soketi hupima bila kujali ndani kuna prosesa, kadi au chipu ambayo bado haijabuniwa. Na kwa nchi ambayo mtu hununua tokeni za stima kwa simu, huo ndio mpaka ambao kila mtu anauelewa bila kufundishwa.

Pingamizi moja nalikubali mapema. Wati zinazopimwa siku ya mechi si zote zilizotumika. Usione vyaelea, vyaundwa: AlphaZero ilikaa ubaoni na TPU 4, lakini michezo iliyojifunzia ilizalishwa na TPU 5,000. Mtandao ulio ndani ya Stockfish ya leo nao umefunzwa kwa sehemu kubwa kwa data iliyotoka kwa Leela, na Leela yenyewe ilifunzwa na kadi za grafiki za watu waliotawanyika dunia nzima. Kijana anayepakua faili ya mtandao huo kwenye laptopu ya mtumba amerithi jasho la maelfu ya mashine. Usawa wa mezani ni usawa wa hatua ya mwisho tu.

Hilo la nyuma ya pazia linatukaribia kuliko tunavyodhani. Juni 2005 mashine iitwayo Hydra, mali ya kampuni ya PAL ya Abu Dhabi, ilimshinda Michael Adams, wakati huo mmoja wa wachezaji kumi bora duniani, kwa 5.5 kwa 0.5. Mfadhili wake alikuwa Sheikh Tahnoon bin Zayed Al Nahyan. Mwaka ule ule Hydra iliingia kwenye mashindano huria ambamo binadamu na kompyuta waliruhusiwa kushirikiana. Haikufika fainali, na kombe likachukuliwa na Wamarekani wawili wasio mabingwa wa chochote, waliojua jinsi ya kuzihoji kompyuta zao za kawaida. Sheikh huyo ndiye mwenyekiti wa G42, kampuni ambayo Mei 2024 ilitangaza pamoja na Microsoft mpango wa dola bilioni 1 wa kujenga kituo cha data Olkaria, upande wa Naivasha, kwa umeme wa mvuke wa ardhini, kikianza na megawati 100. Bonde la Ufa likatajwa kama mahali pa kufunzia mitandao, siyo pa kupokelea tu.

Wakati huo huo upande wa pili wa mizani, ule wa vifaa vidogo, umepiga hatua kubwa zaidi. Agosti 2009, Buenos Aires, Pocket Fritz 4 ikiwa kwenye simu ya HTC Touch HD ilichukua alama 9.5 katika michezo 10 kwenye Kombe la Mercosur dhidi ya binadamu, kwa kiwango cha 2898, huku ikipitia hali zisizofika 20,000 kwa sekunde. Deep Blue ilipita milioni 200. Lanet tunaijua faida ya kuandikia kifaa dhaifu: mwaka 2012 Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja alijulikana duniani kwa kupambana na wizi kupitia Twitter, na ujumbe wake uliwafikia wananchi wasio na intaneti kwa sababu ulisomeka kama SMS kwenye simu ya kubofya.

Nikipewa nafasi ya kupanga mashindano Nakuru, nitaweka wati 60 kwa kila mshiriki, zisomwe kwenye mita ya soketi, feni na upoezaji vikiwa ndani ya hesabu. Betri ianze ikiwa imejaa na iishe ikiwa imejaa, ili asiyetumia soketi asijifiche nyuma ya chaji ya jana. Funguzi zilizoinama, kila moja mara mbili. Dau langu lingekuwa kwa programu ya NNUE kwenye prosesa ya kawaida, kwa sababu kadi kubwa ya grafiki kama RTX 2080 Ti imeandikiwa wati 250 na ukiibana hadi 60 pamoja na kompyuta iliyoibeba hakibaki kitu cha kutisha. Mwenye laptopu ya kizazi cha tatu atapigwa na mwenye laptopu mpya, na hiyo ni haki yake, maana mpya inafanya kazi nyingi zaidi kwa wati ile ile. Mwenye simu, ambayo hula wati chache tu, atauliza kama anaweza kuleta simu kumi. Aruhusiwe, mradi aje na programu inayojua kuzigawia kazi.